Msituandikie tu kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya

Mhariri,

Kila timu ndogo inaporudi kutoka Himalaya bila kufika kileleni, habari yake hutufikia ikiwa imekatwa mikono na miguu. Watu watatu au wanne, mlima ambao hakuna aliyewahi kuusikia, wamegeuza mita mia kadhaa chini ya kilele, hali ya hewa ilikuwa mbaya, wote wazima. Basi. Msomaji wa hapa Moshi, mwenye kaka au jirani anayelala kambi ya Barafu, kule juu Kilimanjaro, mara mbili kwa mwezi, anabaki kujiuliza ilikuwaje hasa. Wenye ulimi mkali husema walikosa moyo. Wapole husema Mungu hakupenda.

Tunaomba nafasi ya kueleza yale yanayoachwa, kwa sababu jambo hili limeshafika mlangoni petu. Mwaka 2025 serikali ya Nepal ilifuta kwa miaka miwili ada ya kupanda milima 97 ya majimbo ya Karnali na Sudurpashchim, huko magharibi ya mbali kusikofikiwa na watalii wengi. Mfupi kuliko yote una mita 5,870, yaani uko chini ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Mrefu kuliko yote ni Api, mita 7,132. Vijiweni hesabu imeshapigwa: toa 5,895 za Uhuru, ncha ya Kibo, kwenye 7,132 za Api, zinabaki 1,237. Kutoka Barafu, mita 4,673, hadi Uhuru ni 1,222. Kwa hiyo Api ni Kibo pamoja na usiku mmoja zaidi wa kupanda. Mtu anayefanya safari tatu kwa mwezi atashindwaje?

Kujumlisha na kutoa kuko sawa. Kinachokosewa ni kipimo. Mlima wa mbali, kwa watu wachache, haupimwi kwa mita. Unapimwa kwa siku: siku ngapi mwili unahitaji ili uzoee, siku ngapi gesi itawaka, siku ngapi mbingu itatulia. Timu inageuza pale hesabu hizo tatu zinapokataa kukutana, na mara nyingi zilikataa tangu mizigo ilipokuwa inafungwa stoo. Dhoruba huja tu kuonyesha pengo lililokuwapo.

Isidhaniwe kwamba tunawavunja watu moyo. Wilfred Moshi alisimama kwenye kilele cha Everest mwaka 2012, na Rawan Dakik wa Arusha mwaka 2021. Lakini njia ya kawaida ya Everest upande wa Nepal, pamoja na mita zake 8,849, ina kamba zilizofungwa na Washerpa tangu maporomoko ya barafu ya Khumbu hadi juu, ina ngazi juu ya nyufa, na ina mamia ya watu msimu mmoja. Kwenye kilele cha Karnali hakuna kamba hata moja usiyoibeba mwenyewe, wala nyayo za mtu wa jana. Hiyo ni kazi nyingine, japo mlima wenyewe ni mfupi.

Tuanze na kulala. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne pawe na siku ya kutopandisha kambi. Sasa tazama vibanda vya kulala vya njia yetu ya Marangu: Mandara 2,720, Horombo 3,720, kibanda cha Kibo 4,720. Mita elfu moja kamili kila hatua! Tunavunja kanuni hiyo kila wiki, na tunasalimika kwa sababu mgeni anafika kibanda cha Kibo jioni, anaamshwa usiku wa manane, na kesho yake jioni amesharudi Horombo. Mwili unadanganywa kwa saa chache, kisha unashushwa kabla haujadai. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika anapewa dawa ileile ya siku zote: anateremshwa.

Kwenye mlima wa mita 7,000 ujanja huo haupo, maana kambi ya pili itakuwa kama mita 5,800 na ya tatu 6,400, na huko mtu analala, anaamka, anayeyusha maji, anafunga hema, anapanda tena. Kutoka 3,000 hadi 6,400 kwa kanuni ile ni usiku saba, ongeza siku mbili au tatu za kutulia. Hizo ni siku kumi za karatasini. Mlimani zinakuwa wiki tatu au nne, kwa sababu watu hupanda kambi ya kwanza wakaacha mzigo, wakashuka, wakapanda wakalala, wakashuka tena. Juu ya Kibo hewa ina mgandamizo karibu nusu ya ule wa pwani. Juu ya Api ni kama asilimia 40. Na kuanzia mita 5,500 hivi hakuna binadamu anayeishi mwaka mzima popote duniani. Mwili hauponi kidonda, hamu ya chakula inakwisha, misuli inaliwa. Kwa hiyo anayesema “tulisubiri siku nne kambi ya tatu ili tupate nguvu” hakuwa anapata nguvu. Alikuwa anazitumia amelala.

Pili ni maji, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo timu nyingi zinaposhindwa kimyakimya bila gazeti kujua.

Barafu yetu haina maji. Kila mtu wa mlimani anajua kwamba maji ya chai ya Barafu yamepanda kwenye madumu kutoka kambi ya Karanga, shingoni mwa wagumu, yaani wapagazi wetu. Mgeni anapokea kikombe tu. Kule juu hakuna Karanga wala mgumu, maji yanatengenezwa. Chukueni watu watatu wanaotoka kambi ya chini na mahitaji ya siku nane. Kila mmoja anataka walau lita nne kwa siku za kunywa na kupikia, jumla lita kumi na mbili, zote kutoka kwenye theluji. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunakula joto lilelile ambalo lingepasha lita moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Na kwenye mita 7,000 maji huchemka kwenye nyuzi 77 hivi. Ina maana sufuria ya theluji inakula gesi zaidi ya mara mbili ya sufuria ya maji ya mto, na saa mbili za jioni zinaishia hapo, mtu mmoja kashika mfuniko, mwingine anakata mabonge ya theluji mlangoni mwa hema.

Sufuria iliyoshindiliwa theluji mpya mpaka mdomoni ikiyeyuka hubakiza vidole viwili vya maji. Asiyeacha kikombe cha maji chini kabla ya kutia theluji ataiunguza: ile ya chini inayeyuka, ya juu inayanyonya maji yote, chuma kinabaki kikavu, na maji ya siku nzima yananuka moshi. Wapishi wetu wa mlimani, ambao kwa maoni yetu ndio mafundi wasiotajwa wa Kilimanjaro, wanajua kupika wali kwenye kimo ambacho maji yanachemka kwa nyuzi 85, lakini hili la kuunguza theluji hawajawahi kulazimika kulijua.

Kwa kipimo cha kawaida, mtungi mdogo wa gramu 230 unawatosha watu wawili kwa siku moja. Kwa watatu ni gramu 345 kwa siku. Kwa siku nane ni gramu 2,760, sawa na mitungi 12. Mtungi mmoja pamoja na chuma chake ni karibu gramu 380, kwa hiyo gesi peke yake ni kilo nne na nusu. Chakula kikavu, tuseme gramu 650 kwa mtu kwa siku, ni kilo 15 na ushei. Ongeza hema, kamba mbili za mita 60, skurubu za barafu kumi, vigingi vya chuma vya theluji, jiko, mifuko ya kulalia. Kila mgongo umeshafika kilo 20, uzito ambao mgumu hupimiwa getini kwetu. Tofauti ni kwamba mwenye mzigo huu ana kramponi, yaani meno ya chuma ya kukanyagia barafu, miguuni na ukuta wa barafu mbele yake. Hapo ndipo mtu husema: tupunguze mitungi mitatu, hali ya hewa itakuwa nzuri.

Dhoruba ya siku tatu ikiwafungia hemani, gesi inayohitajika zaidi ni gramu 1,035, mitungi minne na nusu. Haipo, na ile mitatu iliyoachwa nayo haipo. Wanaanza kunywa lita mbili badala ya nne. Mtu aliyekaukiwa maji damu yake inakuwa nzito, vidole vinapoa haraka, kichwa kinauma na hajui kama ni kiu au ni kimo. Siku ya nne mbingu inafunguka, bluu safi, kilele kinaonekana, na watu wanashuka. Gazetini inaandikwa “hali ya hewa mbaya”, ingawa siku waliyogeuza haikuwa na wingu. Uamuzi wao ulikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa kilikuwa ile mitungi mitatu.

Kuna na aina ya gesi. Butani, kwa kipimo cha usawa wa bahari, haigeuki mvuke baridi ikipita nusu nyuzi chini ya sifuri. Isobutani huvumilia hadi karibu 12 chini ya sifuri. Propani hadi 42. Kwenye mtungi wa mchanganyiko propani ndiyo hutangulia kutoka, kwa hiyo robo ya mwisho ya mtungi ukiutikisa unasikia kitu ndani lakini moto ni wa kibiriti. Wazoefu hulala na mtungi ndani ya mfuko, na wakati wa kupika huuweka juu ya kisahani cha maji ya uvuguvugu. Asiyejua hili huutupa mtungi kambini ukiwa na gesi.

Mbingu zenyewe, kwa ufupi: mvua za masika ya kule ni Juni hadi Septemba. Kabla yake, Aprili na Mei, kuna joto kidogo na theluji laini ya mchana. Baada yake, Oktoba, anga ni safi lakini siku ni fupi, baridi ni kali, na upepo mkubwa wa tabaka za juu unashuka vileleni. Theluji mpya iliyopigwa na upepo ikalala kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka, na mteremko wa namna hiyo ndio hasa mtu anaouona kuwa rahisi kupita. Kusubiri siku mbili ili itulie ni busara. Siku mbili hizo, hata hivyo, ziko kwenye hesabu ya gesi.

Kushuka ndiko kusikojulikana kabisa kwetu. Kutoka Stella, kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, mtu hutelemka kwenye changarawe kwa visigino, vumbi puani, na ndani ya saa tatu yuko Barafu. Kwenye ukuta wa mita 1,500 hushuki hivyo. Kamba mbili za mita 60 zinaungwa, zinapitishwa kwenye nanga, watu wanateremka, kisha kamba inavutwa. Kwa vile nanga nzuri haipatikani kila mahali unapotaka, kila mteremko hutoa mita 50 hivi. 1,500 gawanya kwa 50 ni mara 30. Kila mara moja, kwa watatu, ni dakika 20 kama hakuna kilichokwama. Saa kumi.

Nanga yenyewe hutengenezwa hivi: skurubu ndefu, sentimeta 21 au 22, inazungushwa kwenye barafu kwa mshazari hadi mwisho, inatolewa; pembeni yake, umbali wa karibu urefu wa skurubu, inazungushwa tena kuelekea tundu la kwanza mpaka matundu yakutane ndani. Ugwe wa milimita 7 unapitishwa kwa waya wenye ndoana, unafungwa fundo, unakuwa kitanzi. Barafu yenye rangi ya maziwa na mapovu haifai; fukua mpaka uione ya buluu. Kila kitanzi kinakula zaidi kidogo ya mita moja ya ugwe, na hakirudi. Miteremko 30 ni kama mita 40 za ugwe. Timu iliyobeba mita 20 itaanza kukata kamba yake yenyewe ikiwa nusu ya njia, na kamba ikishafupishwa miteremko inaongezeka. Makosa mawili huua hapa: kutofunga fundo kwenye ncha za kamba, mtu akateremka hadi zikaisha, na kuvuta ncha isiyo yenyewe, fundo la kuunganisha likanasa juu. Yote mawili hufanywa na watu waliochoka wanaojua vizuri namna ya kuyaepuka.

Ndiyo maana kiongozi anayejua kazi huhesabu kushuka kwanza. Kama vitanzi vinatosha mara 25 tu, na yuko mita 1,300 juu ya tambarare ya barafu, kilele kimeshakwisha kwake hata kama anakiona.

Na akiumia mtu? Kwetu kuna machela ya gurudumu moja, kuna redio, kuna vijana sita wa kukimbia naye hadi geti la Mweka, na helikopta kukiwa na anga. Kutoka Kathmandu hadi Api ni karibu kilometa 500 kwa mstari wa moja kwa moja, mbali kuliko Moshi na Dar es Salaam. Helikopta ndogo haiwezi kwenda na kurudi bila kujaza mafuta njiani, na ikikuta mawingu bondeni inageuza. Kwa kambi ya tatu ya watu watatu, mgonjwa mmoja maana yake wawili wote wamekuwa waokoaji. Anayeyumba akitembea kwa mstari, kisigino kikigusa kidole, ubongo wake umeanza kuvimba. Anayekohoa mapovu na kutweta hata akiwa amekaa, ni mapafu. Wote hawasubiri asubuhi.

Hakuna aibu katika haya, na historia inasema wazi. Mwaka 1978 Wamarekani wanne, Jim Donini, Michael Kennedy, George Lowe na Jeff Lowe, walikaa siku 26 kwenye mgongo wa kaskazini wa Latok I, mita 7,145, huko Karakoram ya Pakistan. Waligeuza wakiwa wamebakiza mita 150 hivi, Jeff Lowe akiwa mgonjwa mahututi, wakamshusha ukuta mzima akiwa hai. Wapanda milima bado wanauzungumza mgongo ule kwa jina lao kuliko wanavyozungumza vilele vingi vilivyofikiwa.

Mfano mwingine uko hapahapa nyumbani. Hans Meyer alipopanda Kibo mwaka 1887 alifika kwenye ukuta wa barafu hana zana za barafu, akarudi. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mzoefu wa milima ya Alpi, na akapanga kambi za ngazi huku wapagazi wakipandisha chakula kutoka Marangu, ili njaa isimshushe. Hata hivyo tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wamechelewa na wamechoka kwa kuchonga ngazi kwenye barafu, wakageuza. Wangeweza kulazimisha. Badala yake walishuka, wakasogeza malazi juu zaidi, na tarehe 6 wakapita juu ya ngazi zilezile walizochonga, wakafika. Kilichowapa siku hizo tatu ni magunia ya Marangu. Kwa masikitiko, barafu ile waliyoichonga imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na njia zetu za kawaida hazikanyagi barafu tena, kwa hiyo mwongozaji kijana anaweza kumaliza miaka kumi mlimani bila kuvaa kramponi kwa dhati.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Habari ya namna hii ikifika mezani pako, mwulize aliyerudi alilala juu kabisa wapi na usiku ngapi, alibakiwa na gesi kiasi gani siku aliyogeuza, na aliteremka kwa kamba mara ngapi. Majibu hayo yanaingia kwenye mistari mitatu, na vijana wa Machame na Marangu watayasoma kwa makini kuliko kurasa za ligi.

Na kwa wanaojiandaa kweli kwenda: mitungi ya gesi hairuhusiwi kwenye ndege, hivyo hutaibeba kutoka KIA, na hutaipandisha ndege ya ndani ya Nepal pia. Utanunua Kathmandu, na pale mjini huuzwa pia mitungi iliyojazwa upya kwa butani tupu, ambayo kwenye baridi ya kambi ya pili haitawaka. Angalia kizibo kama kina mikwaruzo, pima kila mtungi kwenye mizani, uandike uzito kwa kalamu ubavuni. Kisha tafuta mtu wa kuaminika wa kuipeleka magharibi kwa basi, iondoke siku mbili kabla yenu.

Waongozaji wa mlimani,
Moshi, Kilimanjaro